SOMO: Wazazi wakiachana, mutoto atakula wapi?

Kusoma: Mwanzo 21:9-19, 1 Timoteo 5:8



Abrahamu alipomuondosha Hagari, alimupa mukate na mufuko wa maji, akamukabizi mutoto, basi. Hakuhesabu maji yale yatatosha siku ngapi. Yakaisha katika jangwa, na mama akamuacha mutoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali ili asimuone akikufa. Kila mara tunahubiri juu ya kisima ambacho Mungu alimuonyesha. Leo tuangalie ule mufuko.

Miaka michache iliyopita, sisi washemasi tulikaa na mume na muke waliotaka kuachana. Sitawataja. Walikuwa na watoto watatu. Wazee wa pande mbili walikuwapo, tukaandika karatasi, na mimi mwenyewe nikatia saini kama mushuhuda. Karatasi ilisema kwamba baba atasaidia watoto kadiri Mungu atakavyomujalia. Tukaomba, kila mutu akarudi kwake na furaha. Baba akaenda Kolwezi kutafuta kazi. Mwezi wa kwanza alituma feza, mwezi wa pili nusu, mwezi wa tatu simu ikafungwa. Binti mukubwa akafukuzwa masomoni sababu ya minervali, akapoteza mwaka muzima. Tulipomupata baba, alitujibu kwa upole: "Sikukataa. Mungu hajanijalia." Na kweli, karatasi yetu ilimupa ruhusa ya kusema hivyo! Tangu siku ile nilianza kuuliza watu wanaojua sharia. Haya ndiyo niliyoyapata.

Inchi yetu iko na kitabu cha sharia za jamaa, Code de la famille, namba 87-010 ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyogeuzwa katika sehemu nyingi kwa sharia namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Kifungu cha 591 kinasema kwamba kila mutoto wa inchi hii anapaswa kuwa na baba, na hakuna mutu mwenye haki ya kumukataa mutoto wake, azaliwe ndani ya ndoa ao inje. Ndoa ikivunjwa, tribinali inaamua watoto watakaa kwa nani, ikiangalia faida yao. Lakini hata wakikaa kwa mama, ao kwa baba, ao kwa bibi yao, wazazi wote wawili wanapaswa kuchangia, kila mumoja kwa kipimo cha nguvu yake. Basi ile sauti tunayoisikia katika kartie, "Mama alichukua watoto, yeye awalishe," haina musingi. Na mama mwenye mushahara naye asiseme ni kazi ya baba peke yake. Mahari nayo ni jambo la wakubwa. Kurudisha mahari hakumalizi deni la chakula cha mutoto.

Wazee wetu wanakumbuka posho. Wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, unga wa nyumba ulihesabiwa kufuatana na muke na watoto walioandikwa. Jina la mutoto lilikuwa katika kitabu cha kompani. Katika miaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mupango wa kuacha kazi kwa kupenda. Leo baba wengi wanaishi kwa kibarua, kwa biashara ndogo, ao kwa kuchimba. Hakuna kitabu tena kinachowahesabia watoto wao, kwa hiyo karatasi ya wazazi ndiyo inapaswa kuwa na nguvu.

Inapata nguvu namna gani? Iandike kiasi, franka ao dola, na tarehe ya kulipa. Iandike nani analipa minervali, nani analipa dawa mutoto akigonjwa. Iseme feza itapita wapi. Kwa simu ni vizuri, maana ujumbe unabaki kuwa ushuhuda. Mama aweke daftari ya matumizi. Lakini muelewe: karatasi ya nyumbani, hata ikiwa na saini kumi za washemasi, ni ushuhuda tu. Haiwezi kumukamata mutu mukono. Ipelekwe katika Tribinali ya Amani (tribunal de paix), zuzi aitie ndani ya hukumu. Hapo wisie wa tribinali anaweza kuitimiliza. Ni tribinali vilevile inayovunja ndoa, hata ndoa ya desturi. Kikao cha jamaa hakiwezi. Baba akipoteza kazi, asizime simu. Arudi kwa zuzi kuomba kiasi kipunguzwe, kwa sababu kiasi kinaweza kugeuzwa hali ikigeuka. Na kwa wale walioachana kwa miguu tu, ndoa ikiwa bado: muke ambaye mume hachangii kitu anaweza kuomba zuzi amuruhusu kupokea sehemu ya mapato ya mume.

Wengi wanaogopa bei ya avoka. Shirika la maavoka, lililopangwa na sharia ya mwaka 1979, liko na ofisi ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo, wanaiita BCG. Wanaomba cheti cha umaskini; kwa hiki muulize kwanza katika komini, kwetu ni Kampemba.

Neno moja linasumbua sana: watoto wasioandikwa. Kuzaliwa kunatangazwa katika siku 90. Siku zikipita, lazima hukumu ya tribinali. Mutoto wa inje ya ndoa, baba anapaswa kumukubali mbele ya serikali katika miezi 12. Bila karatasi hiyo, kesi ya chakula inaanza kwanza na kuuliza baba ni nani, na mutoto anangojea na njaa.

Siku ya nne jioni, nyuma ya maombi, washemasi wawili watakaa katika chumba cha pembeni. Mwenye shida alete cheti cha kuzaliwa cha watoto, karatasi ya ndoa kama iko, na karatasi yoyote waliyoandikiana. Mwenye kupigwa nyumbani aje peke yake, hatutamuketisha na aliyemupiga. Hatutaandika tena karatasi ya kuachana. Tutamusindikiza mutu mupaka kwa avoka.