Dondoo muhimu: Kukutanisha darasa la sekondari Kamalondo, Lubumbashi

Anza na majina. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, kwa hiyo Joseph wa daftari la zamani huenda ana jina jingine kabisa kwenye diploma. Andika yote mawili. Shule nazo zilibadilishwa majina: Saint François de Sales ikawa Imara. Tangazo la mkutano litaje majina yote.

Wakumbukeni wenzenu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga kuelekea Kasai mwaka 1992 na 1993. Hao wapigiwe simu mmoja mmoja, na mtu aliyekaa nao dawati moja. Ujumbe wa kikundi hautoshi, na kuwaacha nje ni kuwafukuza mara ya pili.

Tarehe. Julai au Agosti: mvua hakuna, shule zimefungwa. Kabla ya kulipia ukumbi, tazama ratiba ya timu ya mpira ya Mazembe. Uwanja wao uko Kamalondo hapohapo, na siku ya mechi kupita kwa gari ni shida.

Mchango. Mmoja ashike pesa, mwingine daftari. Amueni mapema kama ni franki au dola. Kiwango kiwe kile ambacho mwalimu wa shule ya msingi anakiweza. Mwenye uwezo aongeze kimyakimya. Walimu wenu wazee wasitoe kitu, wafuatwe nyumbani kwa gari.

Kila mtu alete picha ya siku ya matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, ile ya kichwa kimejaa poda nyeupe. Majina ya marehemu yasomwe kabla ya muziki. Chakula ni bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki. Msihangaike na zaidi.