SOMO LA IJUMAA: STERI YA KUNI IMETIMIA LINI?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, tukisikia Surat al-Mutaffifin, sura ya 83, wengi tunafikiri mizani ya mchele na chumvi. Kuni tunazisahau, ingawa hapa Mutwanga jiko halipikwi bila kuni au makala, tusiseme wachoma matofali.

Tutenganishe kwanza biashara mbili. Mama aliyeweka fungu la kuni kando ya njia hauzi kipimo, anauza kile unachokiona. Wanazuoni wanaita juzafu, na inafaa, mradi wote wawili mmeliona na muuzaji hafichi dosari. Ukifika nyumbani ukaliona dogo, usirudi kumtukana. Lakini aliyesema "nitakuletea steri moja" ametaja kipimo, na hicho ni deni juu yake.

Steri ni mita 1 kila upande: upana wa rundo, kimo chake, na urefu wa vipande vyenyewe. Wengi hupima mbele tu, wakasahau huo wa tatu. Vipande vikiwa vya sentimeta 80, rundo la mita 1 kwa mita 1 limepungua sehemu moja katika tano. Ili litimie, upana wake ufike mita 1 na sentimeta 25. Basi anza na kipande, ndipo upime rundo.

Usipime kuni zilizotupwa ovyo garini. Zipangwe chini, nanyi wawili mpo. Hata zikipangwa vizuri, karibu theluthi ya rundo ni nafasi tupu, na huo si wizi. Wizi ni kukingamisha vipande katikati ili rundo liinuke, au kupanga magogo mazuri nje na vijiti ndani.

Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasingizia mvua. Mtume akamuuliza sababu ya kutoweka kilicholowa juu, watu wakione, kisha akamkana mwenye kughushi. Imepokewa na Muslim. Nasi chini ya Ruwenzori mvua tunaijua! Kuuza kuni mbichi si dhambi. Dhambi ni kuziita kavu. Kavu ina nyufa kwenye ncha, ganda lake linabanduka, na ukigonganisha mbili zinalia kwa ukali. Mbichi mlio wake ni mzito.

Na kuni zilizoibwa katika mbuga ya Virunga, hata steri ikitimia, hazihalaliki.

Mnunuzi naye asijione msafi. Sura hiyo inamtaja kwanza yule anayejipimia kamili kwa watu. Wako wanaodai rundo lishindiliwe, waongezewe magogo mawili ya bure, kisha wanalipa nusu na kumwambia mkata kuni arudi Jumatatu.

Ukiona upungufu, sema rundo likiwa bado limesimama. Muuzaji atimize au bei ipunguzwe. Ukishachoma nusu, utamwonyesha nini?

Wabillahi tawfiq.