Miguu Kwanza: Mwongozo wa Kufundisha Ulinzi katika Netiboli ya Vijana

Ulinzi bora katika netiboli huanza miguuni. Mchezaji chipukizi anayenyoosha mikono kabla hajajua kutua na kusimama imara huishia kumgusa mpinzani na kuadhibiwa, au kuumia. Kwa hiyo, mwalimu wa michezo hana budi kufuata mpangilio: kutua, kuhama, kukaba, kisha kuzuia mpira.

Kanuni ya kutua iko wazi. Mguu wa kwanza kutua unaweza kuinuliwa, lakini mpira sharti umtoke mchezaji kabla mguu huo haujagusa tena chini, na ndani ya sekunde 3. Wachezaji wafanye zoezi wawili wawili: mmoja arushe, mwenzake aruke, adake na kutua akiwa amekunja magoti, yakielekea upande wa vidole vya miguu. Goti linaloporomokea ndani lisahihishwe papo hapo, kwa kuwa kano za goti huumia mara nyingi wakati wa kutua au kugeuka ghafla.

Katika kuhama, hatua za pembeni ziwe fupi na za haraka, nyonga zikiwa chini na miguu bila kupishana. Kocha aoneshe mwelekeo kwa mkono, ili macho ya wachezaji yasibaki ardhini.

Katika kukaba, mlinzi husimama mbele ya mshambuliaji akiwa amegeuka nusu, amwone mtu na mpira kwa pamoja. Mpira ukidakwa, hurudi haraka hadi mita 0.9 kutoka mguu wa mwenye mpira, ndipo anyanyue mikono kuzuia mpira. Fimbo ya urefu huo ikilazwa chini kati ya miguu ya wawili hao, umbali huzoeleka upesi. Wafungaji nao wafanye zoezi hili, maana wakipoteza mpira wao ndio walinzi wa kwanza.

Ufundi huenda sambamba na nidhamu. Anayeadhibiwa husimama kando ya anayerusha mpira wa adhabu bila kubishana na mwamuzi. Kocha naye ana wajibu wa kukagua uwanja, kuondoa kokoto na kuhakikisha wachezaji wamepasha mwili joto. Mchezaji ana haki ya kusema anaumwa bila kuhofia kupoteza namba, na hakuna mechi inayohalalisha kumrudisha uwanjani mtoto ambaye goti lake bado limevimba.