Farasi Aliyeongezewa Mzigo

Mkulima wa Mitunguu auzaye ndizi kwa kilo ajua vema uzito wa kilo saba begani. Katika mbio za Kombe la Melbourne, Australia, ambazo ni meta 3,200, farasi hodari huongezewa mzigo, nao ni mpandaji, tandiko na vipande vya risasi, ili wanyonge nao wapate nafasi.

Makybe Diva, farasi jike aliyezaliwa Uingereza mwaka 1999, alishinda mwaka 2003 kwa kilo 51. Mwaka 2004 akapewa 55.5, akashinda. Mwaka 2005 akatwikwa 58, mzigo ambao hakuna jike aliyepata kushinda nao. Akashinda tena, mpandaji akiwa yule yule, Glen Boss. Siku hiyo hiyo mwenyewe, Tony Šantić, mvuvi wa jodari, akatangaza kwamba hatakimbia tena.