Umeondoa Draiva, Lakini Kifaa Bado Kinawaka

*Ndugu Mshauri,*

*Nafundisha sayansi katika shule ya sekondari upande wa Kinole, mashariki ya Milima ya Uluguru. Tuna laptopu nne za msaada zinazotumia Linux, na tunazichaji kwa sola. Kiangazi hatuna shida. Masika ikiingia, ukungu unakaa hadi mchana na betri hazijai. Ili kubana umeme nimezuia draiva za vitu tusivyotumia: kamera, Bluetooth, na katika laptopu moja, kadi ya pili ya michoro. Nikiandika lsmod sizioni tena. Lakini chaji inaisha vilevile, na hiyo laptopu moja inaisha haraka kuliko zamani. Nimekosea wapi? Au nifungue vifuniko nivichomoe vifaa vyenyewe?*

*Mwalimu, Morogoro Vijijini*

Mwalimu, bisibisi iache kwanza. Rudisha draiva zote ulizozizuia.

Najua inashangaza, maana wengi wanaamini kwamba kifaa kisicho na draiva kimezimika. Sivyo. Umeme wa kamera hautoki kwenye draiva; unatoka kwenye bodi ya kompyuta, na unafika pale tangu ulipobonyeza kitufe cha kuwasha. Draiva ni programu inayojua namna ya kusema na kifaa hicho, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kukiamuru kilale. Ukimfukuza mpishi, jiko alilokuwa akilisimamia halizimiki.

Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ina utaratibu mzuri sana wa kulaza vifaa. Tangu toleo la 2.6.32 la mwaka 2009, kwa kazi ya Rafael Wysocki, Linux inaweza kulaza kifaa kimoja kimoja huku kompyuta yenyewe ikiendelea na kazi. Kila kifaa kina hesabu yake. Programu ikikifungua, draiva inaongeza moja. Ikikiacha, inapunguza moja. Hesabu ikirudi sifuri na muda mfupi ukapita (kwa vifaa vya USB kawaida ni sekunde 2), kifaa kinaweza kulazwa. Lakini anayeshika hesabu hiyo ni draiva. Umemwondoa, na hakuna aliyebaki wa kusema kwamba kazi imekwisha.

Chukua kamera. Draiva yake katika Linux inaitwa uvcvideo, na ikishaitambua kamera huiruhusu kulala yenyewe wakati haitumiki. Ulipoizuia, uliondoa ruhusa hiyo. Kwa kawaida kerneli hubakiza vifaa vya USB katika hali ya kuwaka mpaka mtu au programu iseme vinginevyo, isipokuwa habu. Kamera yako ambayo zamani ilikuwa usingizini, sasa huenda iko macho siku nzima.

Kadi ya michoro ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na nadhani ndiyo inayoimaliza ile laptopu moja. Vifaa vya aina ya PCI vina ngazi za umeme: D0 ni kuwaka kikamilifu, D3 ni kulala, na ngazi yake ya chini kabisa hukata umeme mkuu wa kifaa. Kifaa cha PCI kisicho na draiva, Linux hukiacha D0; hukatiwa umeme tu endapo daraja linalokibeba kwenye bodi nalo litalala. Kama kadi hiyo ni ya Nvidia, draiva ya nouveau imekuwa ikiizima yenyewe isipotumika tangu kerneli 3.12 ya mwaka 2013. Tuseme kadi inakula wati 6 bila kazi yoyote. Kwa saa 10 hizo ni wati-saa 60, nyingi kuliko zinazoingia katika betri nzima ya laptopu nyingi za zamani. Kwenu, ambako pepo za Bahari ya Hindi humwaga mvua kabla hazijavuka kwenda upande wa Mgeta, hasara hiyo inaweza kuwa kipindi kizima cha wanafunzi.

Utauliza kwa nini kerneli isikate tu umeme wa kila kisicho na draiva. Kwa sababu kukosa draiva si ushahidi kwamba kifaa hakitumiki. Huenda BIOS ndiyo inayokitumia. Katika chipu za simu na bodi ndogo, Linux huthubutu: mwishoni mwa kuwaka hupita ikizima saa za chipu (clock, mapigo yanayoendesha sehemu zake) ambazo hakuna draiva iliyozidai. Na huko huko imetokea skrini iliyowashwa na programu ya kuanzishia ikazimika ghafla, ndiyo maana kuna swichi ya clk_ignore_unused ya kusimamisha zoezi hilo. Mimi naona uangalifu huu una haki. Kompyuta inayoganda katikati ya mtihani ni mbaya kuliko inayokula umeme kidogo zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Fungua faili zilizo ndani ya /etc/modprobe.d, futa mistari ya "blacklist" uliyoiweka, kisha, kama mnatumia Ubuntu au Debian, endesha update-initramfs -u na uwashe upya. Andika lspci -k uhakikishe kadi ya michoro ina draiva. Halafu ingia BIOS: kama kuna mahali pa kuzima kamera na Bluetooth, zizime hapo, maana huko mara nyingi kifaa hukatwa kwenye bodi yenyewe, na kerneli haikioni kabisa. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda kwa kitu ambacho shule haitakigusa mwaka mzima.

Kwa vinavyobaki, kila kifaa kina faili ya power/control ndani ya /sys. Ikisomeka "on", kimekatazwa kulala, andika "auto". Faili ya jirani yake, runtime_status, itakuambia "suspended" kikishalala. Programu ya powertop hukuonyesha vyote kwa pamoja, na pia wati zinazotoka kwenye betri ukichomoa chaja. Soma namba hiyo kabla na baada ya kila badiliko, moja kwa wakati, ukiwa na mwanga uleule wa skrini.

Modemu ya intaneti usiiguse mwanzoni, wala kipanya cha USB. Baadhi ya modemu zikilazwa haziamki vizuri, na kipanya huchelewa kuitikia mpaka wanafunzi wadhani kimekufa. Badiliko la "auto" pia hupotea ukizima kompyuta, kwa hiyo lile lililothibitika kwa wiki nzima liwekee kanuni ya udev ili lijirudie kila inapowaka. Ukikwama kwenye kanuni hiyo, niandikie jina la kifaa kama linavyosomeka katika lsusb nami nitakuandikia mstari wake.