Kabla hujacheka lafudhi ya mwanafunzi wako

Mwaka jana, nikiwa kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo, nilifanya kosa. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza, Mkurya, alisimama kusoma, na kila penye "nilikula" yeye akatamka "nirikura". Darasa likaangua kicheko na mimi mwalimu nikacheka nao. Wiki zote zilizobaki kijana yule hakunyoosha mkono tena.

Nilirudi chuoni na deni hilo moyoni. Kwa hiyo nilipokutana na habari za Lorenzo Dow Turner kwenye isimujamii, sikusoma kwa ajili ya mtihani tu.

Turner, Mmarekani mweusi, alizaliwa North Carolina mwaka 1890, akasomea fasihi ya Kiingereza hadi shahada ya uzamivu. Mwaka 1929, akifundisha kwa muda South Carolina, aliwasikia wanafunzi wakizungumza Kigullah, lugha ya watu weusi wa visiwa na pwani za South Carolina na Georgia. Kigullah ni krioli: lugha iliyozaliwa pale watu wa lugha mbalimbali walipokutanishwa, huko kwa utumwa, na watoto wao wakaikuza ikawa lugha ya kwanza.

Wasomi walikuwa wameshatoa hukumu: hicho ni Kiingereza kibovu. Mwaka 1922 mwandishi Ambrose Gonzales alidai kwamba midomo minene na uzembe wa wasemaji ndivyo vilivyokiharibu. Yaani ubaguzi wa rangi mtupu, umevalishwa joho la usomi.

Turner hakuanza kwa kubishana. Miaka ya 1930 alibeba mashine ya kurekodia, akaenda kuwasikiliza wazee. Kisha akaenda London kusoma lugha za Afrika. Waliomtangulia hawakuzijua lugha za Afrika, kwa hiyo neno wasilolitambua walilihesabu kuwa kosa. Kumbe neno kama "guba", yaani karanga, ni "nguba" ya Kikongo na Kimbundu!

Tena Wagullah walikuwa na majina mawili: la Kiingereza kwa shule na wageni, na la nyumbani. Watafiti wageni walipewa la kwanza tu. Turner alikaa nao mpaka wakamtajia la pili. Kitabu chake kilitoka 1949, miaka 20 tangu asikie Kigullah, kikiwa na maneno karibu 4,000 yenye asili ya Afrika, mengi yakiwa majina ya watu.

Sasa turudi kwa kijana wangu. Kikurya hakitenganishi "l" na "r" kama Kiswahili. Ulimi wake haukuwa mvivu. Ulikuwa unafuata kanuni ya lugha aliyolelewa nayo. Sikuijua kanuni hiyo, nikaona kichekesho.

Najua mtaniuliza: kwa hiyo tusisahihishe? Tusahihishe, wanachuo wenzangu. Mtihani wa taifa hautamwonea huruma, na "kura" si "kula". Lakini kusahihisha ni kazi, na kucheka si kazi. Kazi ingekuwa kuandika ubaoni "kula" na "kura", "mahali" na "mahari", darasa zima lizifanyie mazoezi, maana hata waliocheka wana yao. Mimi mwenyewe Msukuma, mama yangu ananikumbusha kila siku.

Julai tunatawanyika tena mashuleni. Ukipangiwa sehemu usiyoijua, ukifika tu muulize mwalimu mwenyeji au wanafunzi wenyewe: lugha ya hapa ina sauti gani, haina zipi? Andika kwenye daftari la maandalio, kabla ya kalamu nyekundu.

Mimi nimeomba kurudi shule ileile. Yeye atakuwa kidato cha pili. Nitaanza kwa kumwomba radhi, mbele ya darasa lilelile lililocheka.