Rangi Inapopauka: Kasi na Ukolezi wa Klorini

Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamefariki, 2 kati yao wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo vya maabara. Katika mlipuko wa namna hiyo, mmumunyo wa klorini huwa silaha ya kila siku ya mhudumu wa afya. Hata hivyo, ndoo mbili zenye harufu ileile zaweza kutofautiana sana kwa nguvu.

Tofauti hiyo yaonekana kwa jaribio dogo. Glasi ya kwanza hutiwa mmumunyo wa klorini. Ya pili hutiwa mmumunyo huohuo uliochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Kisha kila glasi hudondoshewa tone moja la rangi ya chakula ya buluu. Klorini huvunja viungo vya molekuli vinavyoipa rangi sura yake, nayo hupauka. Kwa kuwa klorini ni nyingi mno kuliko rangi, ukolezi wake haupungui sana wakati wa jaribio. Hivyo ukolezi ukiwa nusu, kasi ya mmenyuko huwa karibu nusu. Glasi ya kwanza ikipauka kwa dakika 2, ya pili itahitaji takribani dakika 4. Joto la glasi zote mbili lazima liwe sawa, maana joto nalo huongeza kasi.

Dawa ya kupaushia nguo yenye klorini asilimia 3.5 hupimwa sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji ili kupata asilimia 0.5, ukolezi unaotumika kwa sakafu na mahali palipomwagika damu. Jua na joto huidhoofisha dawa hiyo chupani. Ikishuka hadi asilimia 2.5, kipimo kilekile hutoa asilimia 0.36 tu, na dakika 10 hadi 15 zilizoagizwa huenda zisitoshe. Damu na matapishi pia hula klorini kabla haijafikia virusi, kama rangi iliavyo katika glasi. Ndiyo sababu uchafu huondolewa kwanza.

Jaribio hili hulinganisha tu. Halithibitishi kwamba virusi vimekufa. Kazi hiyo ni ya vipimo rasmi vya klorini.

Jirani yake, Ngara, ilipokea wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda kwa takribani siku moja, mwishoni mwa Aprili 1994. Kwa umati kama huo klorini hutumika kwa maji ya kunywa, nayo huwa chache mno: miligramu 0.5 kwa lita hutosha kubaki majini. Mmumunyo wa sakafu una miligramu 5,000, yaani mara 10,000 zaidi. Kwa hiyo ndoo za klorini huandikwa ukolezi na tarehe ya kuchanganywa, hufunikwa, huwekwa kivulini, na mmumunyo wa jana humwagwa.